Makaa Yasiyopika Chai

Nimefanya biashara na watu wa kila aina, na aliyenishinda ni mmoja tu, kwa sababu hakujua kupatana bei. Alikuwa mwalimu wangu wa kemia huko Oyugis. Baadaye, alipostaafu, akawa mtu wa kuingia na kutoka kwenye duka langu la kununua dhahabu mjini Migori. Tulimwita Japuonj, yaani mwalimu, na hata watu ambao hakuwafundisha chochote walimwita hivyo. Jina lake nalijua. Sioni litamsaidia nani nikilitaja.

Kwake yeye, kuomba kupunguziwa ilikuwa sawa na kuomba alama za bure kwenye mtihani. "Bei ni kipimo," alikuwa akisema. "Kipimo hakijadiliwi, kinasomwa." Siku moja nilimsindikiza Ogwedhi, soko la mifugo, akanunue mbuzi. Njia nzima nilimfundisha: mtu akitaja bei, cheka, akipunguza, ondoka, akikuita, usigeuke mara ya kwanza. Alinisikiliza kama mtu anayesimuliwa desturi za nchi asiyotarajia kuitembelea. Tulipofika, mwenye mbuzi akataja ile bei ya kwanza, ya kumtisha mtu tu, na Japuonj akatoa pesa akampa.

Yule jamaa hakufurahi. Aliziangalia pesa, akamwangalia mbuzi wake, akamwangalia tena kana kwamba kuna kitu hakukiona.

"Mzee, kwani huyu mbuzi ana nini?"

"Ana miguu minne," Japuonj akamjibu.

Mpaka tunatoka pale, jamaa alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ameibiwa. Mimi nilikuwa upande wake.

Lakini hilo la bei ningelivumilia. Kilichonichosha zaidi ni kwamba mtu huyu hakuwa na jibu fupi. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, anaanzia ziwani, maji yakipata joto; mpaka afike mawinguni wewe umeshalowa. "Tuanze mwanzo," ndiyo ilikuwa kauli yake, na mwanzo wake siku zote ulikuwa mbali sana na mahali ulipouliza. Mimi ni mtu wa duka. Mteja akiniuliza, namjibu kabla hajafunga mdomo, maana akishaufunga anaanza kufikiria duka la jirani. Mara ngapi nilimwambia, "Japuonj, nipe neno moja tu"? Angenitazama kwa huruma, kama ninayeomba kuvuka Ziwa kwa karai.

Na mwanzo alioupenda kuliko yote ulikuwa uso wa kitu kigumu: jiwe, bati, makaa, na namna hewa na mvuke zinavyokuja kukaa juu yake. Sisi wanafunzi tulidhani harufu ni kitu cha kupita tu. Yeye alikuja darasani na makopo mawili, akatia omena, dagaa wa ziwa letu kutoka Karungu, katika yote, na katika kopo la pili akaongeza makaa makavu yaliyovunjwavunjwa. Akayafunga. Kesho yake tulipofungua lile la kwanza, lilitutoa machozi. La pili lilinuka kidogo tu, kama habari ya omena badala ya omena wenyewe.

"Harufu imekwenda wapi?" akatuuliza.

"Imekufa," akasema mmoja wa nyuma.

"Imekufa? Nani amezika?"

Akayatoa yale makaa, akayaweka kwenye bati juu ya moto mdogo, akasimama kando mikono nyuma. Haikuchukua muda. Harufu ya omena iliamka, ikajaza darasa, ikapita dirishani, na mwalimu wa Kiingereza akaja kutoka darasa la jirani kuuliza nani anapika.

"Haikufa," Japuonj akasema. "Ilikuwa imekaa tu."

Somo lililofuata lilihitaji pete ya fedha, akaiazima kwa mama aliyekuwa akipika jikoni mwa shule. Akaifungia kwenye kopo pamoja na yai viza. Ilipotoka ilikuwa nyeusi kama chungu. Akaipasha moto kama alivyoyapasha makaa. Hakuna harufu iliyorudi, na weusi haukuondoka. "Hii haikukaa," akatuambia kwa furaha kubwa. "Hii imeolewa." Yule mama alirudishiwa pete pamoja na maelezo. Msamaha hakuombwa, na mwezi mzima meza ya walimu ilipata mchuzi wa maji.

Kisha akatuelezea tofauti ya kukaa na kuolewa kwa mfano wa matanga, maana kila mtoto wa kwetu ameyaona. Wageni wa matanga, alisema, wanakaa kwenye viti. Viti vikijaa wanakaa kwenye nyasi, wengine wanasimama nyuma ya waliokaa, wengine nyuma ya hao, safu juu ya safu. Hawana ahadi na boma lile. Kukiwa na baridi wanasogeleana na kubaki. Jua likichoma wanainuka mmoja mmoja na kuondoka vile vile walivyokuja. Huko ndiko kushikwa kifizikia. Lakini mke wa boma hakai popote. Ana mlango wake, mlango mmoja mke mmoja, na milango ikijaa imejaa. Akishaingia amebadilika, na boma limebadilika. Kumtoa kunataka moto mkali, na huenda akaondoka na kipande cha ukuta. Huko ndiko kushikwa kikemia.

"Na akiondoka mwenyewe, Japuonj?" msichana mmoja akauliza.

"Hiyo ni kemia ya chuo kikuu. Andika."

Alituambia pia kwamba makaa yaliyopikwa vizuri yamejaa vishimo, na vishimo ndani ya vishimo, hata konzi moja ukiweza kuitandika yote kama mkeka ingefunika uwanja wetu wa mpira. Sikumwamini. Nilienda nikaupima uwanja kwa hatua, nikarudi nikaupima tena, kisha nikaitazama ile konzi ya makaa. Nilianza kuyaheshimu siku hiyo, bila kupenda.

Huyu ndiye mtu aliyehubiri habari za hewa maisha yake yote na bado akalala madirisha yamefungwa na kuzibwa matambara, kwa kuogopa upepo wa ziwa. Mifano yake yote ilitoka matangani, na matangani kwenyewe alikuwa wa kwanza kuondoka. Mwanafunzi aliyefeli hakumwinulia sauti, ila ukisema "karibu sawa" mbele yake, utajuta. Ukijumlisha mtu huyo hupati jibu. Nimejaribu mara mbili.

Sasa nije dukani. Wachimbaji wetu wakishasaga mawe na kuyaosha, wanachanganya ule mchanga na zebaki, nayo inaikusanya dhahabu kuwa donge jeupe. Donge linaletwa kwangu. Ouko, mchomaji wangu, alikuwa analiweka kwenye kibati juu ya jiko nyuma ya duka. Zebaki inaondoka kwa mvuke usioonekana wala kunuka, dhahabu inabaki njano. Mimi napima, napima tena, tunaanza kugombana na mwenye mali. Mbele, kwenye veranda, dada yangu mkubwa alikuwa anauza chai na mandazi. Mkono wake ulisifiwa stendi nzima. Alimimina chai kutoka juu, ukanda mrefu mwembamba, na hakumwaga tone.

Japuonj alikunywa chai ile, akatega pua, akazunguka nyuma.

"Ouko, hiyo zebaki inakwenda wapi?"

"Inaenda juu, Japuonj."

"Juu ni wapi?"

"Juu tu. Kwa Mungu."

"Na Mungu ameambiwa?"

Akarudi kwangu akaniomba pete yangu ya dhahabu. Nilimkumbuka yule mama wa jikoni, nikakataa. Akaomba tena, nikakataa tena. Mwishowe alikaa kwenye kiti cha wateja na kuanza mwanzo, wateja wakaanza kutoka, nikaivua nikampa. Akaitundika kwa uzi juu ya kiti cha dada yangu, pale mvuke wa nyuma ulipopitia kutokea barabarani. Alipokuja kuishusha siku nyingine, upande mmoja ulikuwa mweupe kama bati.

"Hiyo ndiyo hewa ya dada yako," akasema.

"Japuonj, pete yangu!"

"Ukitaka rangi irudi, ipashe moto. Zebaki itatoka."

"Basi tuipashe."

"Ikitoka itakwenda wapi?"

Nilitazama juu, nikajikuta natazama dari langu mwenyewe. Ile pete ninayo mpaka leo, nusu njano nusu nyeupe. Watu wakiniuliza nawaambia ni fasheni.

Alichotaka ni sanduku la bati juu ya jiko la Ouko, na ndani yake droo ya makaa yatakayopitiwa na mvuke wote kabla haujatoka. Na si makaa hivi hivi. Alitaka yapikwe kwanza na salfa, ile ya unga inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mimea. "Makaa matupu yataipokea zebaki kama mgeni," alisema. "Salfa itaioa."

Hapo tulikuwa tumeingia kwenye uwanja wangu. Nilimwambia salfa inanuka, wateja watakimbia. Nilimwambia makaa matupu tunayo, gunia la dada liko pale pale. Tuanze na hayo. Yakifanya kazi, salfa itakuja. Alikataa. Nikacheka. Akakataa. Nikainuka kama ninayefunga duka. Akautazama uzi uliokuwa bado unaning'inia juu ya kiti cha dada, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Japuonj akachukua bei ya pili.

"Sawa," akasema. "Kitu ni afadhali kuliko hakuna kitu. Lakini makaa yakitolewa, yaingie kwenye mtungi wa kufunga na yasiguswe."

Alimwelekeza Ouko mwenyewe. Nilikuwepo. Alianza mwanzo. Alipofika kwenye viti vya matanga, Ouko alikuwa anaitikia kwa kichwa. Alipofika kwenye milango ya boma, kile kichwa kilikuwa kinaitikia chenyewe, mwenye nacho amelala. Neno "sumu" sikulisikia likitajwa hata mara moja. Nilisikia "uso," nilisikia "mvuke," nilisikia "kiasi cha joto."

Sanduku lilifanya kazi. Alitundika kipande kingine cha dhahabu pale pale kwenye uzi, kikabaki njano, akanionyesha bila neno. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akifupisha somo.

Sasa, mgeni wa kwetu lazima aelewe jambo moja. Huku hakuna mtu anayetupa makaa ambayo bado ni meusi. Hata vumbi la chini ya gunia tunalikanda na udongo, tunalifinyanga madonge, tunapikia maharagwe. Makaa yanatupwa yakiwa majivu, na majivu yenyewe yanaenda chooni kuua harufu. Kwa hiyo usinicheke nikikuambia kilichofuata.

Asubuhi moja Japuonj alifika akamkuta dada amechuchumaa, anapepea jiko la chai. Akaangalia makaa.

"Hii makaa umetoa wapi, nyamera, dada yangu?"

Kabla dada hajajibu, Ouko akatokea nyuma, uso umejaa sifa. "Ni ile ya sanduku, Japuonj! Hata haijaungua. Ningetupa aje kitu kama hiyo?"

Japuonj alichukua beseni la kuoshea vikombe, akalimwaga lote kwenye jiko. Mvuke ukapanda, jivu likaruka, sufuria ikapinduka, chai ikateremka ngazi mpaka barabarani. Wateja waliruka na mandazi mikononi.

"Jaduong'! Mzee!" dada akapiga kelele. "Umerogwa? Nimekukosea nini?"

"Toka hapo! Tokeni nyote!"

"Sema tu kuna nini!" nikamwambia. Naapa nilimwambia hivyo. "Japuonj, sema!"

Akafungua mdomo. Watu wamemzunguka, dada analia kwa hasira, jiko linafoka. Angesema neno moja tu, lile fupi, kila mtu angelielewa.

"Tuanze mwanzo," akasema. "Kitu kigumu chochote kina uso..."

Walicheka, jamani. Mtu mmoja akamshika mkono wa koti kumwondoa. "Mzee amechoka, apelekwe nyumbani." Dada akasema hataki kusikia, hataki kumwona, alipe chai yake, maziwa yake na sufuria iliyopinda, akataja bei ya hasira. Japuonj akalipa ile ile, akaondoka na jivu usoni.

Nilibaki nimesimama naitazama pete yangu. Upande mweupe. Ndipo harufu ya omena ikanirudia kutoka Oyugis, miaka yote hiyo, na bati juu ya moto mdogo. Haikufa. Ilikuwa imekaa tu.

Nilimwuliza Ouko amempa dada makaa yale mara ngapi. Akasema moja. Nikamwuliza tena. Akasema kila tulipobadilisha.

Sijui ni jiko lile, au ni miaka ya kukaa kwenye njia ya mvuke kabla ya sanduku, au ni yote mawili. Ninachojua ni kwamba mikono ya dada ilianza kutetemeka. Kwanza aliacha kumimina kutoka juu. Kisha akaanza kujaza kikombe nusu ili asimwage. Wateja wakamtania: "Nusu kikombe, bei nzima? Umejifunza kwa ndugu yako." Alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Hakuweza kufunga kifungo cha blauzi. Daktari alisema ahame pale kwanza, mengine tutayaona. Akahamia karibu na posho mill, kule wanakosagia mahindi. Uchomaji nikauondoa mjini kabisa, kwenye banda la peke yake lenye sanduku la makaa ya salfa. Yananuka kweli. Hakuna binadamu atakayeyapikia chai.

Wakati huo wote Japuonj hakuja, na sisi hatukwenda. Watu wakaanza kusema kwamba yule mwalimu alirukwa na akili, aliwahi kumwaga chai ya watu. Nikiwasahihisha, walitaka kwa kifupi. Kwa kifupi nilishindwa.

Mwishowe ni dada aliyesema twende. Japuonj alikuwa Homa Bay, kwa binti yake, amepungua mpaka kola ya shati inamzunguka bila kumgusa. Madirisha yamefungwa, matambara yako mahali pake. Dada alibeba thamosi. Bila kusalimiana sana, akamimina kikombe, mikono miwili, kifuniko kinagongagonga ukingo, chai ikamwagika kwenye sahani na kwenye goti lake. Japuonj aliitazama mikono ile tangu mwanzo mpaka mwisho. Akapokea kikombe cha nusu, akanywa.

Nilikuwa na swali, nimelipanga njia nzima, lakini dada, aliyewahi kuusikia ule mfano wa matanga, alinitangulia.

"Jaduong'. Hii kitu iko ndani yangu. Ni mgeni ama ni mke? Itatoka?"

Nilijiandaa. Nilijua tunakwenda ziwani, maji yakipata joto.

"Sijui," akasema.

Basi. Miaka yote nilimwomba jibu la neno moja, na siku aliponipa nilitamani kulirudisha.

"Kadiria tu," nikamwambia. "Hata nusu nusu."

"Mwili si makaa, nyathina, mwanangu. Sijui." Akaweka kikombe chini. "Najua kingine. Nilikubali bei yako."

"Na wewe ungesema sumu! Neno moja, Japuonj. Sumu!"

"Ningekuambia ni sumu, ungeniuliza sumu kiasi gani, kisha ungekata nusu."

Binti yake, mlangoni, alijifanya anakunja nguo.

Dada alipangusa goti lake kwa kanga. "Ile siku hatukukuacha umalize," akasema. "Nilipiga kelele. Sasa maliza."

"Ni ndefu."

"Nimefunga biashara leo. Anza mwanzo."

Japuonj alimtazama kama anayemkagua mwanafunzi aliyekuja bila daftari. Kisha akaingiza mkono mfuko wa koti kutafuta chaki, akaingiza mfuko wa pili. Hakukuwa na chaki. Nikaenda kwenye gunia lililokuwa pembeni ya jiko, nikachagua kipande kimoja, nikampa.

"Haya yametoka wapi?" akaniuliza.

"Gunia jipya."

Akakigeuza kipande mkononi, akakinusa, akaridhika. Akainama polepole akachora mstari mrefu kwenye sakafu ya simenti, kutoka mguu wa kiti chake mpaka mguu wa kiti cha dada.

"Kitu kigumu chochote kina uso," akasema.

Dada akasogeza kiti. Mimi somo lile niliwahi kulisikia lote, huko Oyugis. Nikaketi chini, nilisikie mara ya pili.